Ng'ombe aliyekufa alfajiri: kisa cha kimeta katika boma moja la tambarare

Simu iliingia saa mbili usiku, katikati ya Novemba. Mvua za vuli zilikuwa na siku nne tu tangu zianze, baada ya kiangazi kilichowafanya ng'ombe wa ile tambarare iliyo chini ya Mlima Kilimanjaro kung'oa majani mpaka mizizi. Mzee aliyenipigia namfahamu. Ana ng'ombe 33, wengi wa asili na chotara wachache, na si mtu wa kupiga simu ovyo. Aliniambia jike mmoja amevimba tumbo, hacheui, anahema kwa nguvu na amejitenga na wenzake.

Siku hiyo nilikuwa nimeshinda njiani. Jioni nilikuwa nimetoka kumzalisha mtamba ambaye ndama wake alikaa vibaya tumboni, mikono ilikuwa bado inatetemeka kwa uchovu. Nikasikia "tumbo limevimba", nikakumbuka majani mabichi ya mvua za kwanza, nikajua ni gesi. Nikamwambia amnyweshe nusu lita ya mafuta ya kupikia, amtembeze, kisha anijulishe. Kwa ng'ombe aliyejaa gesi ushauri huo si mbaya. Kosa langu ni kwamba sikumuuliza kwanza kama kuna mnyama mwingine aliyekufa karibuni, kwake au kwa jirani. Swali lenyewe halimalizi sekunde tano. Yote yaliyofuata yananing'inia kwenye swali hilo.

Saa kumi na moja alfajiri akapiga tena. Ng'ombe amekufa. "Damu inamtoka puani, nyeusi," akasema, na usingizi ukaniruka. Nikamwambia, "Mzee, msimguse. Msimchune, msimkate, fukuzeni mbwa, nakuja." Akanyamaza kidogo. Kisha akasema vijana wameshaanza.

Kutoka ninapokaa hadi kwake ni kilomita 38, na pikipiki ya kazi haikuwa na mafuta. Nikanunua kwa fedha yangu. Nilipofika ilikuwa inakaribia saa tatu. Nje ya zizi kulikuwa na watu kumi na mmoja, ngozi imeshachunwa ubavu mmoja, koo limekatwa. Walimkata koo akiwa tayari amekufa, ili isemwe kwamba amechinjwa. Kinamama wawili walikuwa wameshika mabeseni. Kijana mmoja, mpwa wake mzee, alikuwa na kisu mkono wa kulia na kidole cha mkono wa kushoto kimefungwa kitambaa, maana alikuwa amejikata.

Nilisimama hatua chache kabla ya mzoga, nikavaa gambuti na glovu mbili mbili, nikatazama. Saa nne zilikuwa zimepita lakini miguu haikuwa imekakamaa. Damu iliyomwagika ilikuwa nyeusi kama oili chafu, nayo haikuganda. Bandama lilikuwa nje, limevimba mara kadhaa ya ukubwa wake, laini, linaporomoka lenyewe. Aliyewahi kuliona bandama la namna hiyo mara moja hahitaji kukumbushwa kwamba hicho ni kimeta, ugonjwa wa bakteria unaoua mifugo ghafla na kuwaambukiza watu.

Hapo ndipo nikauliza swali la jana usiku. Mama mmoja akajibu kabla ya mzee: mbuzi wawili wa jirani walikufa ghafla siku tatu zilizopita, wakaliwa. Na yule kijana anayechunga mbuzi hao ana jipu kwenye kifundo cha mkono. "Jipu linauma?" nikauliza. "Ajabu ni kwamba haliumi," akasema.

Sikuwa na jibu la maabara. Nilichukua damu kutoka sikio ambalo halikuwa limeguswa, nikaipaka kwenye vioo viwili, nikaianika. Kwa kawaida kioo kimoja ningekipaka rangi ya methilini bluu siku hiyohiyo na kukiangalia kwa hadubini. Bakteria wa kimeta, *Bacillus anthracis*, huonekana kama vijiti vya bluu vyenye ncha za mraba vilivyopangana kama mabehewa, kila kimoja kimezungukwa na utando wa waridi. Lakini rangi ya ofisini kwetu ilikuwa imekaukia kwenye chupa na ombi la chupa mpya lilikuwa bado ni karatasi. Vioo vilisafiri kwenda maabara, na jibu lilirudi siku ya tisa: ni kimeta. Laiti ningelisubiri jibu hilo, pasingekuwa na kitu cha kuokoa. Katika kazi yetu maamuzi mengi makubwa hufanywa kwa macho, pua na historia, na ukikosea utakuwa umezika mali ya mtu bure. Niliamua kutenda kana kwamba jibu limeshafika.

Sheria ya Magonjwa ya Mifugo, Na. 17 ya mwaka 2003, inanipa uwezo wa kuzuia nyama hiyo isiliwe na kufunga eneo. Hiyo ni karatasi. Mbele yangu alikuwa mzee mwenye umri wa baba yangu, ambaye ng'ombe yule alikuwa ada ya Januari ya binti yake wa kidato cha tatu. Tulikuwa tumeshaamkiana, ameniitikia marahaba, amenipa kigoda. Nilipomwambia nyama yote iende shimoni, pamoja na ngozi, aliniangalia muda mrefu.

"Mwanangu, nilikuita kutibu. Umekuja kuzika."

Sikuwa na fidia ya kumpa, wala ahadi ya fidia. Nikamwambia ukweli, kwamba jana usiku nilikosea, nilimpa dawa ya gesi bila kumuuliza swali nililopaswa kumuuliza, na leo sitaki kukosea mara ya pili kwa watoto wake. Sijui kama lilikuwa jambo la kitaalamu kulisema mbele za watu. Wapo wenzangu walioniambia baadaye kwamba daktari akikiri kosa hadharani anajivunjia heshima. Mimi niliona mabega ya mzee yakishuka. Akawageukia vijana akawaambia waweke visu chini.

Mama mmoja akauliza swali la maana kuliko yote ya siku ile: "Daktari, tukiichemsha sana si vijidudu vinakufa?" Nilimjibu hivi. Bakteria walio hai ndani ya nyama hufa kwa moto. Ila mzoga ukipasuliwa na hewa ikaingia, bakteria hao hujigeuza kuwa spora, umbo gumu ambalo sufuria ya nyumbani hailiwezi kwa uhakika. Tena kabla nyama haijafika jikoni, mikono iliyochuna, kisu, beseni na ubao vyote vimeshaguswa. Mzoga usiopasuliwa ni habari nyingine kabisa: ndani yake hamna hewa, na uozo wenyewe huwamaliza bakteria hao kwa siku chache. Ndiyo maana tunasisitiza kila siku mzoga wa kufa ghafla usipasuliwe. Watu hudhani ni katazo la wivu wa nyama. Nilipomwona yule mama akiweka beseni chini na kuanza kunawa mikono, nilijua ameelewa, na ndiye aliyewafafanulia wengine kwa Kichaga bora kuliko mimi kwa Kiswahili.

Paja moja halikuwepo. Lilikuwa limeshanunuliwa alfajiri na kuondoka na bodaboda kuelekea senta. Mwenyekiti wa kijiji alipiga simu nne, na kwa bahati dereva alikuwa anamjua. Paja lilirudi saa tano likiwa kwenye mfuko wa salfeti, na mfuko ukaingia shimoni nalo.

Tulichimba kuanzia saa nne hadi saa kumi jioni. Juu udongo ulikuwa umelowa, lakini nusu mita chini ulikuwa mgumu kama saruji, nasi tulitaka mita mbili. Tulikusanya kuni, tukachoma tulichoweza kuchoma, tukafukia kilichobaki pamoja na udongo wote uliolowa damu, majani ya zizini, kamba na vitambaa. Mtendaji wa kijiji alikuwa ameleta mfuko wa chokaa, kwa nia njema, maana ndivyo wengi tulivyozoea. Nilimwomba airudishe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 hauipendekezi chokaa kwa mizoga ya kimeta, kwa kuwa inadhaniwa kalsiamu yake huzisaidia spora kudumu. Tulitumia formalini niliyokuwa nayo, dawa kali ya kuua vijidudu, ambayo ilitosha kwa vifaa na sehemu tu ya ardhi ilipomwagika damu.

Kuhusu kudumu huko, upo mfano ambao huwa namweleza kila mtendaji anayedhani kufukia ndiyo mwisho. Kisiwa cha Gruinard, Uskoti, kilitumiwa na jeshi la Uingereza kujaribu kimeta kama silaha mwaka 1942. Kilimwagiwa formalini mwaka 1986, na kilitangazwa kuwa salama mwaka 1990. Serikali tajiri, kisiwa kidogo kisicho na watu, na bado ni miaka 48. Sisi tulikuwa na galoni moja na njia ya ng'ombe kwenda mtoni.

Jioni ile nikaandika majina ya wote kumi na mmoja na ya wachungaji wa jirani, nikaenda nayo zahanati. Mganga wa pale ni kijana mwenye bidii. Alikuwa ameshamwona yule mchunga mbuzi siku moja kabla, ameandika jipu na kumpangia kurudi lipasuliwe. Tulikwenda kumwona pamoja. Lilikuwa kovu jeusi katikati, duara ya malengelenge pembeni, mkono umevimba mpaka kiwiko, na maumivu kidogo mno kwa ukubwa wa uvimbe. Kimeta cha ngozi hakipasuliwi. Kupasua kunaweza kuusambaza ugonjwa. Zaidi ya asilimia 95 ya kimeta cha binadamu ni hiki cha ngozi. Bila dawa huua kati ya watu 10 na 20 katika kila 100, kwa dawa hata mmoja hafiki. Alianzishiwa antibayotiki usiku uleule. Siku ya tatu yule mpwa wa mzee aliyejikata kidole alitokewa na kipele kinachowasha, naye akaanza dawa mapema. Wote wawili walipona. Mpwa ana alama kwenye kidole. Mchunga mbuzi ana kovu la ukubwa wa sarafu.

Kabla ya siku ile mimi na mganga yule tulikuwa tukisalimiana sokoni tu. Yeye anatibu wachungaji, mimi natibu wanachochunga, na hakuna karatasi yoyote iliyotutaka tuambiane tunachokiona. Mbuzi wawili walikufa, mchungaji akaenda zahanati, ng'ombe akaanza kuumwa, na kila kipande cha habari kilikaa kwenye daftari tofauti. Siku hizi tunapigiana simu kila Ijumaa. Ni mpango wetu wawili, hauna bajeti, na mmoja wetu akihamishwa utakufa. Jambo hilo linanikera kuliko lile la rangi iliyokauka.

Walibaki ng'ombe 32. Chanjo tunayotumia ni ya mbegu hai iliyodhoofishwa, kutokana na kazi ya Max Sterne pale Onderstepoort, Afrika Kusini, miaka ya 1930. Hapa kwetu hutengenezwa katika taasisi ya chanjo za mifugo iliyoko Kibaha. Kwa kuwa ni hai, mnyama mwenye antibiotiki mwilini hapaswi kuchanjwa, kwani dawa itaiua chanjo kabla haijamfundisha mwili kujilinda. Nilimweleza mzee. Sikumweleza mwanawe mkubwa, ambaye alikuwa amekwenda mjini. Kijana aliporudi akakuta baba hana raha, akaenda duka la pembejeo akanunua OTC, yaani antibiotiki ya sindano iitwayo oksitetrasaiklini, akawachoma ng'ombe tisa kabla dawa haijamwishia. Hakupima uzito wala hakuandika ni wepi. Simlaumu. Aliona mali ya nyumbani inakufa na mtu wa dukani alimuuzia bila kumuuliza chochote, kama mimi nilivyomshauri baba yake bila kuuliza chochote. Tulikaa jioni nzima tukiwatambua wale tisa kwa rangi na pembe.

Siku ya tatu chanjo ilifika kwenye boksi la barafu, imefungwa nyuma ya bodaboda. Nilipima joto la kila ng'ombe. Mmoja alikuwa na nyuzi 41.2, nikamtenga nikamwanzishia penisilini. Tisa wa OTC niliwaacha. Waliobaki 22 niliwachanja.

Siku ya nne mmoja wa wale 22 alikufa.

Alikuwa na nyuzi 39.1 wakati namchanja, anakula, anacheua. Kinga ya chanjo huchukua zaidi ya wiki kujengeka, na yeye bila shaka alikuwa ameshaibeba kimeta tumboni tangu malishoni. Hilo nalijua. Lakini nendeni mkalieleze kijiji ambacho kimemwona daktari anachoma sindano leo na ng'ombe anaanguka kesho. Habari ilifika senta kabla yangu: chanjo inaua. Boma la jirani mwenye wale mbuzi lilinifungia mlango. Maboma mengine mawili yaliniambia kwa adabu kwamba ng'ombe wao wapo malishoni mbali, huku nikiwasikia wanalia nyuma ya nyumba. Ningewaambia mapema, kabla ya sindano ya kwanza, kwamba huenda mmoja au wawili wakafa bado kwa sababu kinga haijaingia, maneno yaleyale yangekuwa tahadhari. Nilipoyasema baada ya kifo yakawa kisingizio.

Mzee hakunilaumu. Ng'ombe yule wa pili hakuguswa kabisa. Aliwekewa miiba pande zote, mwanawe akawazuia mbwa usiku mpaka nilipofika. Tulimfukia mzima, matundu yote yamezibwa kwa vitambaa vyenye formalini, bila tone la damu kuanguka nje. Kazi ya saa tatu, ukilinganisha na ya siku nzima ya yule wa kwanza.

Kifo hicho kilirudisha hesabu mwanzo. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani huuhesabu muda wa kimeta kujificha mwilini kuwa siku 20, nasi tuliifuata hesabu hiyo kwa karantini. Maana yake mnada ungefungwa hadi baada ya wiki ya kwanza ya Desemba, wakati ambapo watu wa mlimani na mijini wanarudi nyumbani kwa Krismasi na mbuzi mmoja ana bei ya mbuzi wawili. Hapo ndipo simu zilianza: mfanyabiashara wa mifugo, kisha kiongozi mmoja, kisha mtu aliyejitambulisha kwa cheo tu. Wote waliuliza jambo moja kwa heshima iliyozidi kupungua. Mkubwa wangu kazini aliniunga mkono, na namshukuru, maana bila yeye nisingeweza kuushika mlango ule peke yangu. Lakini nilikuwa nikiamka usiku nikihesabu: watoto wangapi Januari watachelewa shule kwa sababu ya saini yangu. Nilijibu kila simu kwa tarehe ileile. Karantini ilifunguliwa siku ya 24 tangu ng'ombe wa kwanza afe, na mnada wa wiki iliyofuata ulijaa.

Ng'ombe mwenye homa alipona. Yeye na wale tisa niliwachanja baada ya wiki mbili kupita tangu dawa yao ya mwisho. Boma la mzee lilibaki na ng'ombe 31.

Kuna jambo la mwili wangu mwenyewe ambalo sikulisema kwa mtu wakati ule. Siku ya shimo, glovu ya mkono wa kulia ilichanika na niliigundua saa kumi jioni. Nilinawa, nikameza dawa niliyopewa na mganga, kisha kwa wiki mbili nikawa naamka na kuangalia vidole vyangu kwenye mwanga wa simu kabla mke wangu hajaamka. Hakuna aliyenipigia kuniuliza hali. Si kwa ubaya. Ni kwamba katika orodha ya waliogusa mzoga nilikuwa nimeandika majina ya watu wote isipokuwa langu. Mwenzangu mchanga katika kazi hii, ukiandika orodha hiyo, anza na wewe.

Siku hizi simu ya usiku ikiingia nauliza kwanza kuhusu vifo vya karibuni, kisha kuhusu damu puani au njia ya haja, kisha nani amemgusa mnyama. Baada ya hapo ndipo nasikiliza habari za tumbo. Watu wengine hukasirika, wanaona nawachelewesha. Nauliza tu.

Shimo la kwanza tulilizungushia miiba na nguzo sita za mti. Masika yalipofika nilipita pale. Majani ya juu ya shimo yalikuwa marefu na ya kijani kuliko yote yaliyolizunguka, kama ilivyo kawaida ya ardhi iliyolishwa mzoga, na nguzo nne zilikuwa zimeng'olewa kwa kuni. Ndama wawili wa boma la jirani, lile lililonifungia mlango, walikuwa wameingiza vichwa ndani wanakula. Niliwafukuza kwa fimbo, nikakata miiba mipya, na kabla giza halijaingia nikaenda kubisha hodi pale kwao tena na boksi la barafu mkononi.